Barua Zilizopanguza Mafuta

Clarisse Lotsove wa mutaa wa Saio, hapa Bunia, hasahau kitu. Ukimukanyaga leo, atakuombea baraka. Kisha atangoja mguu wako uvimbe, ndipo akukanyage. Majirani wanasema ni roho mbaya. Miye ninasema ni kumbukumbu nzuri.

Miaka tisa alifanya kazi katika kampuni inayouza pompi za maji kwa wachimba dhahabu wa Nizi. Kwa karatasi alikuwa sekretere. Kwa kweli ndiye aliyepanga kazi na likizo za watu wote. Patroni Bruno, mugeni aliyekuja Bunia na pompi tatu akabaki, alimuahidi: "Mama Clarisse, kiti cha shefu wa wafanyakazi ni chako."

Siku kiti kilipopatikana, alikikalia Aimé, mutoto wa dada ya Patroni, aliyeshuka toka ndege na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Bunia! Vumbi letu lilicheka sana. Na ni Clarisse aliyemufundisha kazi.

Hayo angeyameza. Lakini asubuhi moja alimukuta Aimé depo, mule pompi zinawekwa, anapanguza mafuta ya pompi na karatasi. Akatazama vizuri: barua za kuomba kazi, zile vijana wa mutaa wa Mudzipela waliandika kwa mukono na kuzileta kwa miguu.

"Shefu, hizo ni barua za watu."

"Batu gani? Bote nimebaambia: rudi kesho." Akacheka, akachukua ingine.

Clarisse aliziokota, akazianika juani, akazifunga na kamba. Yangu ilikuwa mule. Masomo ya diplome niliyaachia katikati. Mafuta yalijaza nusu iliyobaki.

Akangoja mguu uvimbe.

Ukavimba siku inspekta wa kazi alipomuandikia Patroni. Sheria inaweka kikomo cha wageni katika kila ngazi ya kazi, na yeye alikuwa amehesabu: viti vya ukubwa kwa Patroni vilijaa wageni, Wakongomani walikuwa mulangoni na jikoni. Patroni alete mpango wa kuandika wananchi kazi katika siku kumi na tano, ao kadi za kazi za wageni hazitafanywa upya.

Patroni akamuita Clarisse.

"Mama, unitengenezee huo mpango. Lambert, zamu wa mulangoni, umuweke shefu wa depo. Françoise wa chai umuweke kwa hesabu, kontabilite."

Cha kuchekesha ni kwamba Lambert alisomea biashara, na Françoise hesabu. Patroni hakuuliza hata siku moja.

"Na shefu wa wafanyakazi?"

"Tia jina yako. Ni karatasi tu."

"Na barua za kuwapa hizo kazi?"

"Tia zote, nitasaini. Inspekta anapenda karatasi mingi."

"Atazipata, Patroni."

Alisaini zote akiwa amesimama, simu sikioni. Miaka kumi Bunia, na bado hakujua jambo ambalo hata mutoto wa sekondari anajua: hapa barua haitembei bila kopi. Anayepokea anasaini kwenye kopi, anatia tarehe na saa, na toka hapo ile barua imezaliwa. Hakuna wa kuirudisha tumboni. Patroni aliwaza zitalala kabatini, ndani ya faridi ya karatasi. Clarisse alimupelekea Lambert yake mulangoni, Françoise yake jikoni. Wakasaini. Kopi zikaenda kwa inspekta, zikapigwa muhuri. Yake mwenyewe alijikabizi, akajisainia bila kucheka.

Siku ya kwanza ya juma, Lambert alifika na kravati shingoni, akaingia depo, akakalia kiti cha shefu.

"Clarisse!" Patroni alilia. "Hii ni teatre gani?"

"Ni mpango wako, Patroni. Kama ni wa uongo, twende tumuambie inspekta, weye na miye. Ngoja nichukue mufuko."

Patroni alirudi ofisini mwake. Kiti cha Aimé kikahamia kwa Clarisse siku ileile.

Kadi ya kazi ya Aimé ilibakiza majuma matatu. Ili ifanywe upya, ilipaswa kupata sahihi ya shefu wa wafanyakazi. Akaleta ombi lake, limeandikwa kwa mukono, viatu tayari vina rangi ya Bunia.

"Mama Clarisse, tafazali..."

Clarisse alisoma mpaka mwisho. Akasifu mwandiko. Kisha akainuka, akaenda kwenye pompi ya maonyesho, akapanguza mafuta na ile barua, polepole, hata kwenye pembe. Akaikunja, akamurudishia.

"Rudi kesho."

Alirudi kesho, na keshokutwa. Alingojea kwenye benchi pamoja na vijana wa Mudzipela, maana Clarisse alikuwa anaita watu kwa zile barua, akianza na iliyochafuka zaidi. Miye nilikuwa wa tatu. Nilisogea ili Aimé apate nafasi. Siye wa Bunia tuna adabu.

Kadi iliisha. Siku ya ndege yake, Clarisse alimuandikia cheti cha kazi, kisafi, bila kosa hata moja, akamusukumia kopi na kalamu.

"Saini hapa, Shefu. Kwamba umepokea."