Petunia Ukutani Lindi

Nilifutwa kazi kwenye kitalu cha maua Kawangware kwa sababu ya mdomo wangu. Kitalu kilikuwa kando ya barabara, miche imepangwa kwenye mikebe myeusi, na kazi yangu ilikuwa kumwagilia na kupalilia. Siku hiyo nilimwomba tajiri wangu aniuzie mche mmoja wa petunia, ile ya zambarau, yenye maua yaliyofunguka kama mdomo wa tarumbeta. Akacheka.

"Utaipanda wapi, Kibera? Hili ni ua la watu wenye bustani. Baridi haliiwezi, mvua ikilipiga linachanika. Nunua sukuma wiki."

"Nimelitunza hapa mwaka mzima," nikamjibu. "Halijawahi kuniuliza ninalala wapi."

Kufikia saa sita nilikuwa nimeambiwa nisirudi.

Nilitoka na vichwa vikavu vya petunia, vile tulivyokuwa tukivikwanyua na kuvitupa kila siku. Ndani yake mlikuwa na mbegu ndogo kama vumbi.

Chumba changu kiko Lindi, mtaa mmojawapo wa Kibera, mlango unatazama kichochoro cha hatua mbili. Nilikata mtungi wa plastiki, nikautoboa chini, nikajaza udongo mwekundu na samadi ya mbuzi. Mbegu za petunia hazifukiwi. Nilizinyunyiza juu, nikazigandamiza kwa kiganja, nikafunika kwa kipande cha nailoni. Jirani yangu, mama wa Kitui anayepika githeri mlangoni pake, alinitazama kwa huruma.

"Sasa hayo yakikua utayala na nini?"

"Nitayaangalia tu, mama."

Keateka, msimamizi wa vyumba vya kupanga vya ploti yetu, yeye hakuwa na huruma. "Madam, toa hiyo kitu. Hapa ni pa kupita."

Sikuitoa. Jioni moja, miche ikiwa imefika urefu wa kidole, nilirudi kutoka kufua nguo za watu nikakuta mtungi umepinduliwa ndani ya mtaro. Niliuacha mlango bila kuufungua. Kisha nikainama mtaroni. Miche miwili tu ilikuwa na mizizi mizima. Niliisafisha, nikaipanda upya, nikaazima nyundo, nikaufunga mtungi kwa waya ukutani, juu kuliko kichwa cha mtu. Nilipiga misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilitaka keateka asikie.

Akaja mbio. "Nani amekuambia utoboe ukuta?"

"Ulisema nisizuie njia. Njia si hiyo hapo? Pita."

"Na mwenye ploti akikuja?"

"Mlete. Nitamwonyesha kwanza vile paa linavuja, halafu tutaongea maneno ya maua."

Mama wa githeri aliacha kukoroga. "Na mimi nitamwonyesha choo," akasema.

Milango miwili zaidi ikafunguka. Keateka alitutazama mmoja mmoja, akaondoka. Mwenye ploti hatujamwona mpaka leo.

Maua yalipochanua hayakuwa ya zambarau. Yalikuwa meupe yenye mishipa ya waridi, rangi ambayo sikuwahi kuiona kitaluni. Nilifurahi. Kila asubuhi nilikwanyua yaliyonyauka ili mengine yaje, na vidole vikabaki na unata hadi mchana. Mama wa githeri alianza kuyamwagilia nikiwa kazini, ingawa ukimuuliza anakataa.

Baridi ya Julai iliyaua. Majani yakawa kahawia, shina likalegea, na keateka akapita akisema, "Si nilikuambia hayadumu?"

"Hakuna aliyesema yadumu," nikamjibu. Nilikuwa tayari nimechuma mbegu. Niling'oa shina kavu, nikachanganya udongo mpya palepale kichochoroni, na yeye akasubiri nimalize ndipo apite.

Sasa kuna mitungi minne ukutani. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya mabati, ninapanda kwenye ndoo, ninaiteremsha yote, ninaiingiza ndani pale ninapolala, na usiku huo ninalala nimekunja miguu.