Baba, Mwalimu na Kiti cha Seneti

Baba yangu alikuwa mgombea wa Seneti kwa siku kumi na mbili. Alipozeeka hakupenda kulisema jambo hilo, basi naliandika mimi, ambaye wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na ndiye niliyempigia pasi shati lake.

Tuliishi Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, kwenye nyumba za matofali zilizojengwa mbili mbili zikigawana ukuta mmoja. Upande wetu tulikaa baba, mama na mimi. Baba alikuwa muuguzi wa zahanati, Mkasai, mtu wa Kasai, aliyefika kwenye migodi ya shaba akiwa mdogo, nyuma ya mjomba wake aliyekuja kuchimba. Upande wa pili alikaa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa kaskazini ya Katanga, aliyefiwa na mkewe, pamoja na binti yake wa umri wangu. Mwalimu akikohoa usiku au mchana, baba alimwambia pole kupitia ukutani bila kuinuka kitini.

Binti wa mwalimu na mimi tulikuwa na kazi moja: kuwafundisha kina mama kushona. Tulikwenda pamoja na kurudi pamoja, tukala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja, leo kwetu, kesho kwao. Ukiniuliza ni nini ninachokitamani kuliko vyote nilivyoviacha kule, ni mwendo ule wa asubuhi, miguu yetu miekundu kwa vumbi, naye akinisimulia ndoto zake zisizokuwa na kichwa wala mkia.

Kisha uhuru ukakaribia, na maneno mapya yakaingia kambini. Kura. Mgombea. Seneti. Baba alituelezea mezani jinsi mambo yatakavyokwenda. Wanaume watapiga kura kuchagua baraza la mkoa, na wajumbe wa baraza hilo, kule Elisabethville, ndio watakaowachagua maseneta wa kwenda Léopoldville. Lakini kabla ya hapo kila kundi lilipaswa kupatana kwanza juu ya jina la kupeleka.

"Na sisi wanawake?" niliuliza.

"Nyinyi mutangojea kidogo," baba alisema, na mama akacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

Kundi la kambi yetu lilikutana ukumbi wa parokia Jumapili moja baada ya misa. Majina yalikuwa mawili tu, la baba na la mwalimu. Hakuna aliyeshangaa: mmoja alikuwa amewachoma sindano watoto wa kambi nzima, mwingine alikuwa amewafundisha kusoma. Walikwenda ukumbini pamoja, mwalimu ameshika mwavuli ingawa mvua zilikuwa zimekwisha. Sisi wasichana tulisimama dirishani. Karatasi ziliwekwa ndani ya kikapu cha sadaka, zikasomwa moja moja kwa sauti. Baba alishinda kwa kura nne. Mwalimu aliinuka kabla ya watu wengine, akamkumbatia, akasema, "Seneta wetu njo huyu," yaani ndiye huyu. Binti yake alinifinya mkono mpaka nikapiga kelele.

Siku zile za kwanza baba alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alinunua daftari, akaandika mambo atakayoyasema Léopoldville: maji safi katika kambi, zahanati kwa watu wa vijijini, shule za wasichana. Alinisomea. Nilimwambia aongeze kura za wanawake, akaongeza.

Katikati ya juma la pili mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa zahanati: *Mukasai, rudia kwenu.* Baba aliyafuta mwenyewe kwa kitambaa chenye maji, kisha akafungua mlango na kuanza kazi. Maneno ya namna ile yalikuwa yamekwisha anza kusikika sokoni na hata mbele ya kanisa. Watu wa kabila moja walianza kuwahesabu watu wa kabila jingine. Mama alitaka baba akae nyumbani, akakataa.

Kilichomvunja hakikuwa mkaa ule. Siku ya Ijumaa nilimpelekea chakula, nikamkuta amesimama mlangoni pa chumba chake. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa mapajani. Baba ndiye aliyekuwa amemzalisha mwanamke yule, kwa shida kubwa, na mtoto alipewa jina la baba kwa shukrani.

"Mama, ingia," baba alimwambia.

Mwanamke alitazama sakafu. "Hapana, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Nitangojea ule munganga mwingine."

"Ule mwingine atafika saa nane. Mutoto iko na moto sana."

"Nitangojea," alisema.

Baba hakumlazimisha. Alilowesha kitambaa, akampa amwekee mtoto kwenye paji la uso, kisha akaingia ndani na kukaa. Chakula nilichokileta hakukigusa. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini jioni ileile baba aligonga ukuta, na mwalimu akaja.

Nilikuwa nikiosha vyombo, nikasikia kila neno.

"Ndugu, mi naacha," baba alisema. "Jina yako njo itaenda."

"Mi siwezi kukamata kitu ya mwenzangu."

"Utakamata. Ukikatala, batamutuma muntu asiyetujua, weye wala mi."

"Na wale walioandika ukutani watasema walishinda."

"Waseme. Mi ni munganga. Mutoto akikosa dawa juu ya jina yangu, seneti itanisaidia nini?"

Niliposogea kutazama, nilimwona mwalimu ameinamisha kichwa, analia. Baba ndiye aliyekuwa akimbembeleza, kama ilivyokuwa siku ya maziko ya mke wa mwalimu. Mwishowe baba alichukua daftari lake na kumpa. "Basi, usome hii. Yote yamo."

Nilikasirika sana, na hasira yangu, kwa upumbavu wa ujana, ilimwangukia rafiki yangu. Nilianza kwenda kazini peke yangu, nikipita njia ya nyuma. Aliniita mara mbili, nikajifanya sisikii. Wiki mbili nzima! Leo ningezinunua siku zile kwa chochote nilicho nacho.

Tulipatanishwa na mapazia. Kabla ya kura za baraza la mkoa tuliagizwa kushona mapazia ya vyumba vidogo vya kupigia kura, kitambaa cha buluu, shuleni kwa mwalimu. Tulipoyatundika, rafiki yangu aliingia ndani ya kimoja na kufunga. Hakutoka. Nikafungua kumwangalia. Alikuwa amesimama mbele ya meza tupu, mkono umeinuliwa kana kwamba ana kalamu.

"Unafanya nini?"

"Namuchagua baba yako," alisema.

Nikaingia nami, nikafunga pazia, tukalia na kucheka mle ndani mpaka mlinzi akatufukuza.

Siku ya kura wanaume walipanga mstari tangu alfajiri, kuanzia mlango wa shule hadi kwenye kichuguu kikubwa cha njia panda. Baba alivaa shati nililolipiga pasi. Mwalimu alikuwa nyuma yake. Wengine waliwaangalia kwa macho mabaya. Wao wakazungumza habari za mahindi. Walitoka baada ya kungoja saa tatu nzima, wakiwa wamechoka na wenye furaha, na sisi wanawake tukawapikia.

Majuma machache baadaye baraza lilikutana Elisabethville, na habari zikafika kwa redio ya padri: mwalimu alikuwa miongoni mwa maseneta. Kambi ikapiga ngoma. Baba alicheza kuliko wote, na nilimtazama kwa makini nione kama anajilazimisha. Mpaka leo sijui.

Mwalimu hakuwa na mke wa kumtunzia nyumba, kwa hiyo binti yake alilazimika kwenda naye. Tuliwasindikiza stesheni asubuhi ya baridi kali, moshi wa treni ukichanganyika na pumzi zetu. Rafiki yangu alikuwa amevaa koti la marehemu mama yake.

"Nitarudia Noeli," aliniambia. "Usimupe mutu mwingine nafasi yangu ku kazi."

"Simupi."

Baba na mwalimu walishikana mikono dirishani, wakaendelea kushikana hata treni ilipoanza kusogea, baba akitembea, halafu akikimbia kidogo, mpaka jukwaa likaisha.

Noeli haikuwaleta. Uhuru ulikuja, na kabla hatujauzoea, Katanga ikajitenga na nchi. Léopoldville ikawa kama ng'ambo ya bahari. Barua hazikupita. Moja tu ilitufikia, mikononi mwa mtawa, imeandikwa na rafiki yangu: alisema mto wa kule ni mpana mno, baba yake amesema katika Seneti juu ya zahanati za vijijini, na yeye hapendi samaki. Nilimjibu kurasa sita. Sijui kama alizipata.

Wakasai tulianza kufungashwa virago na kurudishwa Kasai. Siku yetu ilipofika tulipanda treni na masanduku mawili, tukapita Tenke, tukapita Lubudi, na mama akageuza uso asiione nchi alikonizalia. Baba alipata kazi katika zahanati ndogo Kasai, akaifanya mpaka macho yakamchoka. Habari za mwalimu tulizipata mara moja tu, kwamba amefariki Léopoldville. Baba alikaa uani siku tatu, watu wakija kumpa pole kama kwa ndugu wa tumbo moja. Kuhusu binti yake nimeuliza kwa kila msafiri. Mmoja alisema ameolewa na kwenda mbali mtoni. Mwingine alisema hapana, huyo ni mwingine.

Nimezeeka huku. Nina wajukuu, na majirani wema. Ila Kiswahili hapa sina wa kusema naye tangu mama alipokufa. Wajukuu wananijibu Kiluba na kucheka nikikosea. Asubuhi, kabla hawajaamka, nachukua ndoo, naelekea kisimani, na njiani namsimulia rafiki yangu nilichokiota, polepole, kwa sauti, mpaka nikutane na mtu.