Mama Hakikisha, mtotolesha vifaranga asiyemwamini muuza jenereta

Saa moja asubuhi, mwanamke mmoja amesimama kwenye chumba chenye giza, yai mkono huu, tochi mkono ule. Pazia limeshushwa na mlango umerudishwa. Anaegemeza yai kwenye mdomo wa tochi, analigeuza taratibu, kisha anakunja uso.

"Hili linanidanganya," anasema, na kuliweka pembeni.

Anachukua jingine. Ndani yake inaonekana mishipa myekundu iliyotandaa, na katikati kuna kitu kidogo kinachorukaruka. Analitazama tena na kulirudisha kwenye trei bila kulisifia. Kwake yeye kifaranga si kifaranga mpaka kilie.

Mtaani wanamwita Mama Hakikisha. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila aliomba lisiandikwe, maana hajui gazeti hili litasomwa na nani. Mwandishi naye hakupona. Alitakiwa atoe kitambulisho cha kazi, kikageuzwa mbele na nyuma, halafu akaulizwa kama kuna mtu ofisini kwake anayefuga kuku.

Kazi yake ni kutotolesha. Ana mashine moja inayobeba mayai mia tatu, iliyoundwa na fundi kutoka kwenye kabati la friji bovu, nayo ameiweka kwenye chumba cha nyuma. Mayai mengi si yake. Wafugaji humletea, yanakaa siku ishirini na moja, kisha wenyewe huja kuchukua vifaranga wao. Hapokei pesa. Katika kila vifaranga watano mmoja ni wake, na hao ndio anaowalea na kuwauza.

"Mayai ya watu ni amana," anasema. "Mtu ameleta mayai mazima, ukimrudishia viza utamwambia nini? Atasema mazuri umeyakaanga."

Zamani hakuwa hivi. Alikuwa mtu wa kuamini, mwepesi hata wa kukopesha. Kilichomgeuza ni mvua za mwaka juzi, umeme ulipokatika mtaa mzima wakati mayai ya mama mmoja mwenye genge la mboga yakiwa yameanza kudonolewa kwa ndani. Jirani akamwazima jenereta na kumwapia kwamba liko safi, mafuta yamejaa. Likanguruma mpaka mchana, likazima. Petroli ilikuwa na maji.

Aliweka mabeseni ya maji ya moto ndani ya mashine, akaifunika kwa mablanketi yote ya nyumba hiyo, likiwemo la mama mkwe wake. Haikusaidia. Yule mama alipokuja, alichukua trei zake bila kusema neno, na maneno yote akaenda kuyasemea sokoni. Miezi ikapita mashine ikiwa nusu tupu.

Anajua kwamba msiba mwingine kama ule utamfungia kazi. Mume wake ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anaonekana kwa nadra, na nyumba inaendeshwa na hao vifaranga. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," anasema. "Mimi sasa hata kamba ya viatu nashtuka."

Akaamua kununua jenereta lake mwenyewe. Wazo la kutafuta linalotumia petroli na gesi pia lilitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi wa friji na anakaa mtaa wa pili. Shemeji alimweleza kwamba umeme ukikatika siku nyingi, petroli nayo huadimika vituoni au huchakachuliwa, lakini mtungi wa gesi uko jikoni kila siku. Basi mafuta yakikosekana, anafungua gesi na kazi inaendelea.

Maneno hayo yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Shemeji alipoongeza kwamba kuna duka la rafiki yake, Mama Hakikisha alijisemea moyoni kuwa kikulacho ki nguoni mwako, akamwuliza waziwazi kwamba kwenye dili hilo yeye anakula ngapi. Shemeji alicheka, lakini cheko lenyewe halikufika mbali. Hakuonekana nyumbani hapo kwa wiki kadhaa.

Mwanamke akaingia madukani peke yake, na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na pasi, jagi la umeme la kuchemshia maji na feni ndogo.

Duka la kwanza, muuzaji alimwonyesha namba kubwa ya wati iliyochorwa ubavuni mwa jenereta. Yeye akachomeka pasi, likavumilia. Akachomeka na jagi, likakohoa, likatikisika, likazima. Muuzaji akaanza kueleza kwamba ile namba ni nguvu ya ule mshtuko wa kuwashia tu, si nguvu ya kufanya kazi kutwa nzima.

"Kwa hiyo mmeandika nguvu ya kupiga chafya," Mama Hakikisha akamwambia, akakusanya vyombo vyake.

Duka la pili, jenereta lilibeba vyote kwa petroli, ila kwa gesi muuzaji hakutaka kulijaribu. Alisema ni yale yale. Mama Hakikisha akamwuliza kama ni yale yale anaogopa nini, na hapo mtungi wa dukani ukawa umeisha ghafla. Akaaga kwa heshima zote. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia si fani yake.

Duka la tatu alimkuta muuzaji mpole mwenye miwani, aliyemkaribisha kiti. Upole ule haukumfurahisha hata kidogo. Kesho yake alirudi na mtungi wake mwenyewe kutoka jikoni, kwa hoja kwamba wa dukani huenda ukawa umepangwa. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira wa gesi kuona kama kuna panapotoa mapovu. Jenereta likawashwa kwa petroli, likazimwa, likawashwa kwa gesi, pasi na jagi vikapanda moto pamoja.

Kabla hajauliza, muuzaji akamwambia kwamba kwa gesi nguvu hupungua kidogo, kwa hiyo apige hesabu ya vyombo vyake kwa nguvu ya gesi, asidanganywe na ya petroli. Mama Hakikisha alipigwa na butwaa. Hajawahi kuona mfanyabiashara anayeitoa kasoro bidhaa yake. Akaona lazima kuna kasoro kubwa zaidi inayofichwa, akaitafuta mpaka adhuhuri, akaikosa. Akalipa.

Wakati wa kuondoka, muuzaji alimwambia jambo moja kwa msisitizo. "Mama, hili ni la nje. Nje kabisa, mbali na mlango na madirisha. Usiliwashe ndani hata siku moja." Kisha akauliza nyumba iko wapi, ili gari la duka limpelekee.

Hapo ndipo mteja wetu alipojumlisha. Mtu anayekazania mashine ilazwe nje, na papo hapo anataka kujua unakoishi! Akamshukuru, akakodi mkokoteni mwenyewe, akaupitisha njia ya kuzunguka.

"Nilijua nimemkamata," anasimulia. "Anakuuzia mchana, watu wake wanakuja kulibeba, wewe unarudi kununua jingine. Na kile kitabu cha maelekezo alichonipa nacho kina picha ya nyumba, jenereta likiwa ndani, limepigwa alama nyekundu ya X. Nikasema, kumbe hata kiwandani wamo."

Kwa hiyo akaliweka ndani. Nyumba yake ina ujia mwembamba unaotenganisha chumba cha mashine na chumba cha mama mkwe, nao unaishia kwenye mlango wa uani. Akalifunga hapo kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, dirisha akaliziba kwa ubao ili mtu asichungulie, na mlango wa uani akaukaza. Mwizi gani angepaona?

Siku ya kulitumia ilifika mvua ilipoanza kunyesha mchana na umeme ukaondoka. Alifungua gesi, akavuta kamba mara mbili tu, jenereta likaitika. Taa ya mashine ikawaka, kipimajoto kikatulia pale pale. Anakiri kwamba alicheza peke yake kwenye ujia. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, umeme ulikuwa umekatika na roho yake haikuwa mkononi.

Baadaye mama mkwe akalalamikia kichwa, kisha kichefuchefu. Mama Hakikisha akamshuku muuza maziwa. Vifaranga wa siku mbili waliokuwa kwenye boksi wakaanza kulegeza mabawa na kuinamisha vichwa, naye akakishuku chakula cha dukani. Mwishowe kichwa chake mwenyewe kikawa kizito na miguu ikakosa nguvu, akaona sasa amempata mbaya wake, muuza gesi, aliyemjazia kitu kibovu. Alikuwa ameketi chini, simu mkononi, akimtafuta muuza gesi amtukane, shemeji alipoingia.

Shemeji alikuja kumwona mama yake. Alisukuma mlango wa mbele akasikia jenereta likinguruma ndani ya nyumba, na salamu hakutoa. Alikimbilia ujiani akalizima, akaupiga teke mlango wa uani mpaka ukafunguka, akambeba mama yake mgongoni na kumtoa nje kwenye mvua. Akarudi kumvuta shemeji yake.

"Unajua nilimwambia nini?" Mama Hakikisha anauliza. "Nilimwambia afunge mlango wa uani, watu wataliona."

Shemeji alimjibu akiwa anahema. "Shemeji, ni mwizi gani huyo wa kutufanya tufe sote tukimwogopa?"

Ndipo akamweleza kile ambacho muuzaji wa miwani alikijua. Moshi wa jenereta, liwe linakunywa petroli au gesi, una sumu isiyoonekana wala kunusika. Humlegeza mtu, humlaza, na aliyelala haamki. Majirani waliwapeleka zahanati, mama mkwe akawekwa kwenye oksijeni, akarudi nyumbani kesho yake. Nesi alipouliza jenereta liliwashiwa wapi, Mama Hakikisha, mtu wa maswali, aliutaja ujia kwa sauti ya chini.

Vifaranga wa kwenye boksi walikufa karibu wote. Walikuwa wa kwake, wa ujira. Mayai ya watu yalinusurika, kwa sababu shemeji alilivuta jenereta hadi mwisho wa ua, akalisimamishia bati juu ya nguzo nne na kuvuta waya mrefu kabla mashine haijapoa. Mlango wa uani ukafungwa, safari hii jenereta likiwa upande wa pili.

"Nililia," anasema. "Nilishuku dunia nzima, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawaua."

Alirudi dukani kumwomba radhi yule muuzaji. Mwenye miwani hakumkumbuka, wala maneno yake hakuyakumbuka. Kila mnunuzi humwambia hivyo. Mama Hakikisha akafarijika kidogo, ingawa alipotoka alitazama nyuma kuona kama anafuatwa.

Sasa jenereta linakaa kwenye kizimba cha nondo alichokichomelea shemeji, mbali na kila dirisha. Wafugaji wamerudi. Mwakani anataka mashine ya pili, ya mayai mia sita, nayo shemeji ataiunda kutoka kwenye friji kubwa la duka lililofungwa, na vifaranga wa ujira watawagawana nusu kwa nusu. Kila msumari unaonunuliwa bado anauliza bei yake, na shemeji amezoea kujibu.

Jambo moja tu hakuuliza bei. Mwezi uliopita alichongesha ufunguo wa pili wa mlango wa mbele, akampa shemeji mkononi. Shemeji alishangaa, akamwuliza kama siku hizi haogopi kuibiwa.

"Naogopa," akamwambia. "Lakini mlango ule huwa naufunga kwa ufunguo mchana na usiku. Siku ile ulipotukuta, nilisahau."