Kurasa Arobaini na Moja za Fundi Simu

Kazini wanamwita Chujio. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, amelichuma mwenyewe, na mimi bibi yake ndiye niliyelikaribisha nyumbani. Siku dereva wa ofisi yao alipolitamka mlangoni kwetu nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Chujio ni mkaguzi wa hataza. Msione haya kuuliza, hata mimi mwanzoni nilidhani ni ugonjwa wa ngozi. Hataza ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Sasa watu ni wengi, na kila mmoja anajiona amebuni. Yupo aliyeleta mwavuli wa kuku. Wote hao, karatasi zao hupita kwa wakaguzi, na kazi ya mkaguzi ni kutafuta dunia nzima kama jambo hilo lilishasemwa, kuandikwa au kuonyeshwa na mtu mwingine kabla. Akilikuta, mwombaji huandikiwa barua: si jipya, kwaheri.

Mjukuu wangu hulikuta. Niliwahi kuwaambia majirani kwamba alifukua karatasi ya miaka mia moja tumboni mwa panya, na panya mwenyewe alikuwa anaijua kwa moyo. Hapo nilitia chumvi kidogo. Panya hakuijua yote. Lakini haya ninayoyaeleza leo hayana hata punje, na natamani yangekuwa nayo.

Tunaishi wawili, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo mlango wake haufungi. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi mbali huko. Chujio ana miaka thelathini na minne, mwembamba, anakula amesimama kama mtu anayesubiri kuitwa. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu ya marehemu babu yake, mume wetu. Yeye huniita mke mkubwa ninapokosea na bibi anapotaka kitu.

Ofisini kwao, amenieleza, kuna chumba cha meza sita na mashine ya baridi inayopuliza shingoni. Kila meza ina vioo viwili vya kompyuta: kushoto ombi la mtu, kulia dunia nzima. Na kila Jumanne asubuhi wana mkutano wa makosa. Mkaguzi aliyepitisha kitu cha zamani, au aliyekataa kitu kipya, husimama. Aliyeligundua kosa hulisoma mbele ya wote, neno kwa neno, na aliyekosea hakai mpaka liishe. Chujio alikuwa amegundua ya wenzake matatu. Lake halikuwahi kusomwa hata moja.

Mmoja wa wale watatu ni mzee wanayemwita Mzee wa Tai, amebakiza miaka miwili astaafu. Siku kosa lake liliposomwa, Chujio alirudi nyumbani akaniigizia jinsi mzee alivyokuwa akijifuta jasho kwa ncha ya tai. Tulicheka. Kesho yake nilimwigiza kwa majirani nikamwongezea kigugumizi, ambacho maskini hakuwa nacho.

Basi ndiyo tabia yetu ilivyokuwa, tuseme ukweli.

Siku moja, tukila, akaniambia ana ombi la fundi mmoja wa kukarabati simu na kompyuta, mtu asiye na wakili wala chuo.

"Anataka nini?" nikauliza.

"Anataka kugawa nguvu za kompyuta, bibi."

"Azigawe kwa nani, kwa maskini?"

Akacheka, akanieleza kwa nyumba ya kupanga, kwa kuwa anajua nimekaa nyingi. Fikiri nyumba ya vyumba thelathini na tangi moja la maji. Kila mpangaji ana chumba chake na vyombo vyake, haingiliani na jirani. Ndivyo zilivyo programu za siku hizi za mtandaoni, hii ya kukata tiketi, ile ya matokeo ya mitihani: kila moja imefungwa kwenye kasha lake, lakini makasha yote yanakaa kwenye mashine moja na kunywa tangi moja. Zamani mwenye nyumba aliwapa wote ndoo sawasawa. Huyu anafua, yule amelala, mwingine anakufa kiu. Fundi alisema tusiangalie mpangaji anachota kiasi gani, tuangalie wageni wangapi wako langoni wanamjia, tumpunguzie aliyelala tumwongezee huyo kabla wageni hawajabisha hodi.

"Mbona ni akili," nikasema.

"Ni akili, ila si yake. Kuna wanafunzi wa chuo kimoja cha mbali walishalichapisha. Nimemkatalia." Akapangusa mdomo. "Kurasa arobaini na kitu kuomba umiliki wa foleni!"

Ombi lilikuwa limeshatangazwa, kwa hiyo haikuwa siri. Ulikuwa ukosefu wa adabu tu, na mimi niliubeba kama sahani ya harusi.

Wiki kadhaa baadaye simu yangu iligoma kuwaka. Nikaenda kibanda kimoja karibu na kituo cha afya, chumba chembamba chenye meza ya kioo na bisibisi zimepangwa kwa urefu. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Huyu mtoto amezimia, niamshie."

Akaifungua. Kando yangu alikaa dada wa saluni ya jirani akisubiri chaji yake, na mimi nikiona watu wawili na kimya, basi, mdomo unawasha. Nikaanza. Nikawaambia kuna kichaa mmoja amepeleka serikalini kurasa arobaini anataka foleni ziwe mali yake. Kwamba mtu akisimama nyuma ya mwenzake kliniki, sharti kwanza amwombe yeye ruhusa. Kwamba alikwenda na kiti chake ofisini, akakaa nyuma ya mlinzi, akasema, "Naanzia hapa." Dada wa saluni alicheka mpaka akakohoa.

Fundi hakuinua kichwa. Alimaliza kukaza skrubu, akaifuta simu, akaiweka mbele yangu.

"Kurasa arobaini na moja, bibi," akasema. "Ya mwisho ni mchoro."

Nimezaa, nimezika, nimefumaniwa naiba sukari ya mama mkwe. Sijawahi kusikia uso wangu ukiwaka namna ile. Dada wa saluni akaitazama chaji yake kama kitabu.

"Baba, mimi..."

"Hukunijua." Akavuta droo, akatoa barua yenye muhuri. "Hata hivyo wameandika sawa. Serikali imesoma kuliko mimi. Kinachoniuma ni kwamba mimi nililipeleka jambo hili mapema, mwezi wa pili, nikiwa kwa dada yangu nchi jirani. Nikasajili huko kwanza. Hapa nimelileta mwezi wa kumi. Hao wanafunzi wameandika mwezi wa sita. Nadhani wao walianza kulifikiria zamani."

Mimi kusoma sijui. Lakini miezi! Miezi naijua. Mtaa mzima hakuna bi harusi ambaye sikumhesabia, kuanzia siku ya ndoa mpaka mtoto anapolia, na nilishawahi kuvuruga sherehe mbili. Nikakunja vidole chini ya meza. Wa pili. Wa sita. Nikakunja tena.

"Na kule kwa dada yako ukaiandika hapa? Kwamba ulisajili?"

"Fomu ina kiboksi. Nilikijaza."

"Umejibu barua?"

"Nijibu nini? Walinipa miezi mitatu, zimebaki siku tisa. Nimeshaanza kuzifungua zile kompyuta tatu nilizokuwa nafanyia majaribio. Vipuri vyake vinahitajika." Akaonyesha pembeni, mashine moja kifuniko wazi, nyaya nje.

Nyumbani nilimngoja Chujio hata viatu sikuvua. Nikamweleza yote, pamoja na kiti nyuma ya mlinzi. Alianza kwa kukasirika kwa ajili ya kiti, kisha akasikia mwezi wa pili. Akafungua kompyuta yake ya mkononi, akalitafuta lile ombi. Nikamwona anashuka na kidole, anasimama.

"Kipo," akasema.

"Nini?"

"Kiboksi. Mtu akisajili nchi nyingine, akaja kwetu kabla ya mwaka kuisha, siku yake inahesabiwa ile ya kwanza. Mimi nilisoma muhuri wa kwetu tu." Akafunika uso. "Nimemkatalia kwa maandishi yaliyokuja nyuma yake, bibi. Naye ameamini."

Sasa sikilizeni nilichofanya. Badala ya kumwacha aumie kama mtu mzima, nikamwonea huruma. Nikawaza Jumanne, nikamwona amesimama mbele ya wale aliowasimamisha. Nikasema, "Mke mwenzangu, hili dogo. Nitamnong'oneza fundi ajibu mwenyewe, ataje siku yake ya kwanza. Wewe utaandika umeikubali hoja yake. Itaonekana yeye ni hodari, na hakuna kosa la mtu."

Akaifunga kompyuta, akaifungua tena. Mkaguzi haruhusiwi kumfundisha mwombaji kichochoroni, analijua hilo kuliko jina lake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwambie ataje tarehe tu. Asinitaje."

Alikubali. Na njia nilimwonyesha mimi.

Jumatatu asubuhi nikaenda kibandani. Nikasema nimemwota marehemu mume wangu ameshika kalenda, akaniambia, kamwambie fundi ajibu barua, ataje mwezi wa pili. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Bibi, juzi umenisimulia mimi mwenyewe nikiwa kichaa. Leo unanisimulia marehemu na kalenda. Nishike lipi?"

"Hili ni kweli, baba."

"Barua yao ina muhuri. Wewe una hadithi." Hakusema kwa ukali. "Mimi mtu mdogo, nikianza kubishana na ofisi kwa ndoto watanicheka mara ya tatu."

Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ukweli mkononi, na hakuna aliyeutaka. Jioni nikamwambia Chujio: haji, hajibu, ananiona mwongo, na ana haki. Hakula. Alikaa jikoni, mlango ule usiofunga ukawa unagongagonga, wala hakuushika.

Ya Jumanne nilisimuliwa na dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha na Chujio mwenyewe, na simulizi mbili zilifanana. Mkuu wa kitengo, mama mmoja wa sauti ndogo, aliuliza kama kuna kosa. Chujio akasimama.

"La nani?"

"Langu."

"Nani amelifichua?"

"Bibi yangu."

Chumba kikacheka. Mmoja akasema, "Kumbe bibi naye ni mkaguzi!"

"Hajui kusoma," akasema Chujio, na kicheko kikakatika.

Akalisoma mwenyewe, neno kwa neno, tarehe zote tatu. Katikati Mzee wa Tai akamsogezea kiti, akasema taratibu, "Kaa, mwanangu." Hapo ndipo sauti ilipomvunjika. Angemcheka, anasema, angeweza kuvumilia.

"Sijamaliza," akajibu. Akawaambia na la pili: kwamba alikubali mwombaji anong'onezwe, ili kosa lisijulikane kuwa lake.

Dereva anasema ilisikika mashine ya baridi tu.

Barua ya kukataa ikafutwa siku ileile. Ombi likapewa Mzee wa Tai alikague upya, na Chujio akaandikiwa onyo, miezi sita kazi yake yote ipitiwe na mwingine. Barua mpya ya kumpelekea fundi, mkuu wa kitengo aliitaka iseme "kutokana na mkanganyiko wa tarehe". Chujio akaomba isemwe kwamba mkaguzi hakusoma tarehe ya kwanza. Mkuu alimtazama, akatia sahihi.

Mimi sikuitwa na mtu. Nilikwenda kibandani siku nne baadaye kwa miguu yangu. Barua ilikuwa juu ya meza ya kioo, imefunguliwa.

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Ya kiti, na ya kalenda. Zote nilitunga. Na mkaguzi ni mjukuu wangu."

"Nilishahisi." Alikuwa anaunganisha nyaya za zile mashine. Niliona mbili.

"Ya tatu iko wapi?"

"Nilimpa fundi mwenzangu Jumatatu, ulipoondoka. Ameshaigawa vipuri." Akapuliza vumbi. "Ndiyo ilikuwa na vipimo vyangu. Miaka miwili. Mkaguzi mpya akiniuliza, nitamjibu kwa kichwa."

Nikakosa pa kuangalia.

"Mwambie mjukuu wako barua nimeipata," akasema. "La mashine usimwambie. Halimsaidii."

Nilipanda ngazi za nyumbani nikiwa na visa vitatu mdomoni, vyote vizuri, kimoja fundi ananikumbatia. Chujio alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

"Amesemaje?"

Nikamwambia barua ameipata. Kisha nikamwambia na la mashine ya tatu, na siku iliyotolewa, na kwamba ni mimi niliyekuwa nimetoka kibandani muda si mrefu kabla.

Alikuwa na kikombe mkononi, kilikuwa kimeshatakata, akaendelea kukiosha, na mimi nikachukua kitambaa nikasimama kando yake nikisubiri anipe nikikaushe.