Mstari wa RAM alioacha Kulwa, bado sijaufuta

Wakuu, salaam kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kompyuta yangu hapa Katoro ina RAM mpya, nzima. Lakini kila ikiwaka, kernel (kiini cha mfumo endeshi) inatenga kipande cha RAM hiyo, na hakuna programu inayoruhusiwa kukitumia. Kipande hakina ubovu wowote. Najua, na nimekiacha hivyo hivyo.

Nirudi nyuma.

Ofisi hii ya uchapaji na ufundi nilianza na pacha wangu, Kulwa. Tunafanana hadi wateja walikuwa wanatuchanganya.

Desktop yetu ilikuwa inaganda ovyo. Kulwa akaipima RAM, akakuta sehemu moja imekufa. Nikasema tununue nyingine.

"Kwa dhahabu ya nani, Dotto?" akanicheka.

Akaongeza mstari mmoja kwenye settings za boot. Akanieleza: kernel ikiamka tu, inapokea kutoka BIOS, ile programu ya kwanza kuamka kwenye mashine, ramani ya RAM iliyopo. Inajitengea pa kukaa, inatenga pasipoguswa, ndipo inagawa kilichobaki. Ule mstari unaiambia pale pabovu pasigawiwe. (Lazima iambiwe mapema. Ukichelewa, programu imeshakaa pale.)

Haikuganda tena.

Baadaye kazi zikapungua, Kulwa akaamua kwenda maduarani kuchimba dhahabu. Siku anaondoka akanigonga bega: "Huo mstari usiuguse. Nikirudi na RAM nzima nitaufuta mwenyewe."

Alipiga simu mara chache. Kisha namba ikawa haipatikani.

Mwaka huu nimenunua RAM mwenyewe. Nikafungua zile settings, kidole kikabaki juu ya delete. Mama alikuwa ameniletea chakula, nikamweleza.

"Kwani kakupigia kusema harudi?"

"Hapana, mama."

"Sasa unafuta nini?"

Nikafunga.

Funzo kwa mafundi wenzangu: kubadili RAM hakufuti ulichoiagiza kernel. Kagueni mistari ya zamani, msije mkapoteza nafasi bila kujua. Mimi yangu naipoteza kwa kujua.

Juzi kaingia mteja, akanikazia macho.

"Ee fundi, umehama Runzewe lini? Simu uliyonitengenezea kule bado inadunda!"

Wakuu, mimi Runzewe sijawahi kufika.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Hakumbuki vizuri, anasema kabla ya mvua.

Jumamosi napanda gari. Mlioko Runzewe, tupieni neno hapa: huyo fundi bado yupo?