Keki Nzula Alipikia Wakwe

Mimi na Nzula tumekaa ploti moja hapa Uthiru miaka kumi na nane. Mlango yake inaangalia yangu. Kuna kitu alinifanyia na bado sijamsamehe, nitasema tu hapo mbele. Kwanza wacha nimsifu, kwa sababu ukianza na kumtukana mtu, wengine wanafikiria una wivu.

Huyo mama anajua keki. Si zile za dukani zimekauka kama sponji ya kusugua sufuria. Yake ni nyeusi-nyeusi, nzito, imejaa zabibu, na ukikula Jumapili ama ukikula Alhamisi ni ile ile. Alitoka kwao Mwala akiwa msichana wa kazi ya nyumba, akaandikwa Muthangari kwa mama mmoja mzee aliyekuwa anapika keki kila wiki. Hakuna mtu alimfundisha. Alikuwa anaosha vyombo akiangalia na jicho ya pembeni, miaka kumi na moja. Alitoka huko na sufuria ya kifuniko nzito na kikombe moja ya bati. Hiyo kikombe ndiyo anapimia unga mpaka wa leo, hata kama siku hizi ako na oveni ya gesi na watu wanampigia simu kutoka Lavington. Kusoma hajui sana. Mimi pia sijui, lakini mimi sivai miwani kanisani ndio nionekane nasoma.

Sasa kuna vile anafanyanga kazi. Ukimwambia una sherehe, mtoto amebatizwa ama mzee amestaafu, hakuulizi unataka keki rangi gani. Anakuja kwako. Anakaa kwa kiti, anakunywa chai, anaangalia watu wako. Nani hana meno. Nani ako na sukari na anajificha. Watoto ni wangapi na wamelelewa aje. Akimaliza anakwambia keki, na anakwambia soda pia. Watoto unawapatia soda nyeupe, kwa sababu watamwagia nguo ya kanisa. Wazee wa kutoka ushago, huko kijijini, usiwapatie baridi, watashika chupa kwa mapaja saa nzima wakingoja ipate joto. Na kama kuna wajomba wanapenda pombe na pasta ako hapo, wapatie soda ya tangawizi, angalau koo isikie kitu.

Usipomsikiza, shauri yako. Kuna msichana wa Kilimani anaitwa Debra, alikuwa anafanyia wazazi wake sherehe ya miaka arobaini ya ndoa. Nzula akamwambia maji ya machungwa inatosha. Debra akasema hapana, anataka ile mtungi ya glasi iko na mfereji, ndani kuna maji, vipande vya tango na majani. Sawa, ikawekwa. Wazee walitoka Kitui na gari ya kukodi, wakakaa na glasi imejaa, wakitoa majani na kidole moja moja wakiweka kwa sahani. Mmoja akaniuliza, kwa sababu nilikuwa nimeenda kusaidia kubeba, "Susu," yaani nyanya, vile wote wananiita, "hii maji ilichotwa wapi?"

Basi. Nzula ako na msichana mmoja, Mwongeli, anafanya kazi ya ofisi huko huko Kilimani. Ni msichana mzuri, tatizo yake ni kuringa. Mwaka jana akaleta kijana Mjaluo anaitwa Okinyi. Kijana hana maneno mingi. Alikuja hapa kwa ploti mara tatu nne, akakunywa chai ya Nzula vikombe vitatu vitatu mpaka Nzula akaanza kumpenda. Halafu ikasemwa wazazi wake wanakuja kujitambulisha, Jumapili, hapa hapa Uthiru.

Hapo ndio vita ilianza. Mwongeli alisema ataagiza keki Kilimani.

"Mum, keki yako ni tamu, hakuna mtu anakataa. Lakini kwa picha inakaa kama udongo."

Nilikuwa kwa mlango nikichambua maharagwe. Nilisikia Nzula ameweka kijiko chini.

"Nimepikia watoto wa watu," akasema. "Wakibatizwa, wakifaulu, wakiolewa. Sasa wako wakwe wangu wanakuja kwa nyumba yangu, wakule keki ya mtu sijui jina yake?"

"Si vita, mum. Weka yako pia."

"Itakatwa gani?"

"Wageni watachagua."

Sasa unaelewa. Hiyo siku ya wakwe, kwa wengine ilikuwa ni ya msichana kuolewa. Kwa Nzula ilikuwa ni kisu itaingia keki gani.

Na alikuwa na shida. Hakuwa amewaona hao watu. Wanakaa Dagoretti, si mbali, lakini kwetu Ukambani mama wa msichana hakanyagi kwa wakwe kabla zile mbuzi za ntheo ziletwe, zile za kufungua njia. Nzula hawezi kwenda kukaa kwa kiti yao ahesabu meno. Kwa hivyo akakuja kwangu jioni, ameshika maembe mbili za kunilainisha.

"Susu, wewe unaweza kwenda. Sema unatafuta mtu wa kanisa. Kaa kidogo, uniangalilie hao watu."

Hapa ndio niseme kile kitu. Miaka kumi na nane nimeuliza huyo mwanamke ni nini anaweka kwa keki ndio ikae nyeusi hivyo na isikauke. Nimemuuliza na heshima. Nimemuuliza nikiwa mgonjwa. Nilimuuliza nikizika bwana yangu, nikifikiria labda atanihurumia. Anacheka tu, "Ni mkono, Susu." Mkono gani? Kwani mimi napika na miguu?

Nikamwambia, "Niambie unaweka nini, nitaenda kesho asubuhi."

Akaangalia chini. Akaangalia maembe zake.

"Hapana, Susu."

"Basi na mimi hapana."

Maembe nilibaki nazo. Kuna watu kwa hii ploti wanasema vile mambo iliharibika ni makosa yangu. Wacha waseme. Mdomo ni yao.

Jumapili wakakuja, watu kumi na wanne. Mzee Ogutu, baba ya kijana, alikuwa karani wa serikali pale taoni mpaka akastaafu, bado anavaa tai kama mtu atamwita ofisini. Mama ya kijana anaitwa Caren, mama mkubwa, mpole, anaangalia kitu mara mbili kabla ya kuongea. Upande wetu msemaji alikuwa Kivuva, ndugu ya Nzula, mtu wa kelele. Kwa meza keki zimekaa mbili. Ya Kilimani gorofa tatu, nyeupe, na maua. Ya Nzula imekaa kando kama mtu wa kazi. Na soda kreti tatu, zote nyeusi, kwa sababu Nzula hakujua watu, akanunua ile kila mtu anakunywanga.

Chai ikaletwa. Nzula amechemsha ile ya maziwa tupu, ya tangawizi, ya wageni wa maana. Mzee Ogutu akaweka mkono juu ya kikombe.

"Tunashukuru sana. Kama kuna maji ya moto, tutakunywa hiyo."

Wote kumi na wanne, maji ya moto. Aiya! Kwetu ukikataa chai umekataa nyumba. Kivuva akashindwa kuvumilia.

"Mzee, ama sisi si watu wa kunywa pamoja?"

"La, la, shemeji, si dharau," Mzee akasema. "Sisi ni Wasabato. Wale wa kushika. Majani ya chai hatukunywi, kahawa hatukunywi, na hiyo soda nyeusi pia mtusamehe."

Kivuva akageuza kichwa polepole akaangalia Okinyi. Mimi pia nikamwangalia. Vikombe vitatu vitatu! Kijana alikuwa anasoma dari. Na mama yake, Caren, alikuwa anamsoma yeye.

"Okinyi," akasema, pole pole tu. "Kwani huku umekuwa ukikunywa nini?"

"Maji, mama."

Nilicheka nikakohoa ndio nifiche.

Watu wakacheka pia, ikapita, maji ya moto ikazunguka. Lakini mimi nilikuwa naangalia Nzula. Alikuwa amesimama kwa mlango ya jikoni na treyi, hajacheka. Nikafikiria ni aibu ya chai.

Ikafika keki. Mwongeli akapewa kisu, akasema na ile sauti ya ofisi, "Mama Caren, karibu uchague."

Caren akaangalia ile ya gorofa. Akaangalia ile ingine.

"Hii nyeusi imepikwa na nani?"

"Mum," Mwongeli akasema, akikwaruza meza na kucha.

"Basi nitakula ya mama. Ile ingine watoto watafurahia."

Unaona? Nzula ameshinda. Mbele ya wakwe, mbele ya Kivuva, mbele yangu, na mbele ya msichana aliyesema udongo. Kisu ikaingia. Caren akapewa kipande ya kwanza, akainusa, akatabasamu, akainua.

"Mama, ngoja," Nzula akasema.

Mkono ya Caren ikasimama.

"Usikule. Iko na chai." Akaweka treyi chini. "Zabibu inalala kwa chai ya rangi usiku mzima. Halafu ile chai yenyewe namwaga kwa unga. Hiyo ndio inafanya iwe nyeusi."

Miaka kumi na nane! Bwana yangu ako kwa mchanga, Nzula hakunihurumia, halafu anaisema bure, kwa watu amewajua dakika arobaini.

Caren akaweka kipande chini, taratibu, akapangusa vidole. Mwongeli alikuwa amefunga macho. Mzee Ogutu ndiye alijaribu kuokoa mambo.

"Si kuna hii ingine? Kata hii."

Mwongeli akakata gorofa ya juu. Watu wanane wakapata, vipande ya kidole. Mzee mwenyewe akasimama akashika kisu, akaenda gorofa ya chini, akasukuma. Kisu ikalia kwiii. Akasukuma tena. Ikatoka na vipande nyeupe nyeupe, ile kitu inafungiwanga televisheni ndani ya boksi.

"Hii ni nini?" Mzee akauliza.

"Hizo za chini ni za picha tu," Mwongeli akasema. Sauti ya ofisi ilikuwa imeisha.

Kivuva alifungua mdomo. Nilimkanyaga.

Ndio Caren akauliza, haangalii keki, anaangalia Nzula, "Mama Mwongeli, unga iko?"

"Iko."

"Na inachukua muda gani kupika ingine, bila hiyo kitu?"

"Saa moja na nusu. Lakini mama, haitakuwa nzuri, zabibu lazima zilale..."

"Sisi hatujaitwa mahali pengine leo." Akainuka, akaelekea jikoni.

Nzula akaruka akaziba mlango na mwili yake. "Hapana! Mkwe haingii jikoni yangu!"

"Sawa. Nitakaa hapa nje, basi." Akavuta kiti akakaa hapo kwa mlango, mkoba kwa mapaja, wakaanza kuongea. Sikusikia yote, kwa sababu Kivuva alikuwa anamweleza Mzee Ogutu habari ya ukame na hakuna kitu inaweza kuzima Kivuva. Lakini nilisikia Caren akisema, "Nimekula kwa nyumba nyingi, na najua wameniwekea vitu hatukuli. Hakuna mtu amewahi kunishika mkono nisikule." Na Nzula akajibu, "Nilikuwa karibu kunyamaza, mama. Mungu anajua. Ilikuwa karibu sana." Halafu wakacheka, wote wawili, kicheko ile ya wamama ya kuficha machozi.

Mwongeli akavua viatu vya juu, akapita kando ya Caren, akaingia kumpigia mamake mayai. Sijawahi kumuona akishika yai mbichi tangu apate kazi.

Mimi sidanganyi kwa sababu ya wageni, kwa hivyo nitasema ukweli: hiyo keki ya pili ilikuwa mbaya. Nzula mwenyewe, anayepigia watu kelele wasifungue oveni, aliifungua mara tatu. Ikazama katikati kama kitanda ya zamani. Zabibu zote zikaenda chini zikashika. Ilikuwa na rangi ya mtu mgonjwa.

Caren alipewa kipande. Akakula. Akanyoosha sahani tena.

"Wacha, mama," Nzula akamwambia, "hii imeharibika. Naona haya."

"Niongezee hapo kwa kona, hapo imeshika," Caren akasema, na mdomo imejaa. "Na Kivuva, wewe wachana na ukame. Hizo mbuzi zenu mnataka lini?"

Kivuva akasema Desemba. Nzula, na unga mpaka kwa nyusi, akasema Desemba ni mbali, kwani kuna mtu anangoja nini. Ikawa Agosti.