Shairi Alilolisoma Mama Mwenyewe

Kaka yangu alifundisha Kiingereza chuo kikuu Nairobi mpaka mvi zikamjaa. Alikuwa mshairi pia, na mashairi yake yote aliyaandika kwa Kiingereza. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa lake, akasoma shairi hadi wanafunzi wakasahau simu zao. Nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Aliyemzaa hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Vitabu vyake vilikaa kabatini kwa Mama, hapa Msambweni, pamoja na vikombe vya wageni. Mama hakujua Kiingereza wala herufi za kizungu. Alisomea chuo cha Kurani, na Kiswahili alikisoma kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wengi wa rika lake. Kaka alipotaka kumtafsiria na kumsomea, alikataa katakata.

"Maneno ya mwanangu nisomewe mimi? Nina macho yangu."

Macho yenyewe yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni presha ya macho, na kinachopotea hakirudi.

Wakati huo Kaka alikuwa amestaafu na kurudi nyumbani. Kurani aliisoma tangu utotoni, lakini kuandika Kiswahili kwa herufi zile hakuwahi. Kila asubuhi akawa barazani, anaandika na kufuta.

"Profesa mzima umerudi chekechea!" nilimtania.

Alicheka, akafuta tena. Mtu aliyesahihisha kazi za watu maisha yake yote hakuona haya kukosea mbele ya mdogo wake. Nilimpenda zaidi siku zile kuliko siku zake zote za kupigiwa makofi.

Alipozimudu herufi, aliandika shairi kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, akampelekea Mama baada ya chai.

"Shikamoo, Mama. Hili ni lako."

"Marahaba, mwanangu. Lete hapa mlangoni penye mwanga."

Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikitangulia. Alipokwama nilitaka kumsaidia, Kaka akanifinya. Shairi lilikuwa la mwaka wake wa kwanza Nairobi: chumba cha baridi, wenzake wakiicheka lafudhi yake ya pwani, usiku wa kunywa maji na kulala. Hayo nyumbani hakuwahi kuyasema, hata kwangu.

Mama akafika mwisho.

"Kumbe ulilala na njaa," alisema, "nami nikiwaambia watu mwanangu yuko raha mustarehe."

Kaka alimlalia mapajani, mvi zote zile. Mama akamwekea mkono kichwani, na kwa mkono wa pili akaliinua shairi, akaanza upya.